Kupima Damu ili Kugundua Mapema Saratani ya Ini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nchini Uganda

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uganda, kuanzia Arua na Bombo hadi Busia, Kampala na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambao wao wenyewe au jamaa zao wamewahi kuambiwa kwamba wana homa ya ini ya aina ya B au C, au kwamba ini lao limeanza kuota makovu. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekufahamu; yamekusudiwa kukusaidia uingie katika chumba chake ukijua la kuuliza.

Kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya ini ni kipi hasa?

Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni kipimo cha AFP, yaani alfa-fetoprotini. Hii ni protini inayotengenezwa kwa wingi na ini la mtoto akiwa tumboni mwa mama, kisha hupungua baada ya kuzaliwa hadi ikabaki kiasi kidogo sana katika damu ya mtu mzima, kwa kawaida chini ya nanogramu 10 katika mililita moja. Seli za ini zinapogeuka kuwa saratani, baadhi yake hurudia tabia ile ya utotoni na kuanza kuitengeneza upya. Jambo hilo lilionekana kwanza kwa panya mwaka 1963, na mwaka uliofuata likaonekana kwa mgonjwa mwenye saratani ya ini.

Neno la kushikilia hapo ni "baadhi". Zipo saratani za ini zisizotoa AFP hata kidogo, na uvimbe ukiwa bado mdogo, ambao ndio tunaoutafuta, uwezekano wa AFP kubaki katika kiwango cha kawaida ni mkubwa zaidi. Kwa sababu hiyo kipimo hiki hakitumiki peke yake, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Nilipimwa kwenye kampeni ya homa ya ini B nikaambiwa ninacho kirusi. Je, hiyo ina maana kwamba nimekwisha kupimwa saratani?

Hapana, na mkanganyiko huu umewagharimu watu wengi. Kipimo cha haraka kilichotumika kwenye kampeni, kile cha tone la damu na mistari miwili, hutafuta protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B, iitwayo HBsAg. Kinajibu swali moja tu: je, kirusi kimo mwilini? Hakisemi lolote kuhusu hali ya ini lenyewe, wala hakisemi kama kuna uvimbe.

Serikali ilianza kupima na kuchanja watu wazima mwaka 2015, ikitanguliza wilaya za kaskazini ambako maambukizi yalikuwa mengi zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta kwamba takriban asilimia 4 ya watu wazima nchini walikuwa na kirusi hicho, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Waliokutwa hawana kirusi walichanjwa. Waliokutwa nacho waliambiwa waende hospitali kwa uchunguzi zaidi, na wengi wao hawakwenda, ama kwa sababu ya nauli, ama kwa hofu, ama kwa sababu walijisikia wazima na hawakuona sababu ya kupoteza siku nzima kwenye foleni. Ikiwa wewe ni mmoja wao, mlango haujafungwa, hata kama imepita miaka.

Hatua inayofuata ni seti ya vipimo vya damu: vimeng'enya vya ini vya ALT na AST, ambavyo hupanda katika damu ini linapoumia, hesabu ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kipimo cha VVU na cha homa ya ini C, na pale inapowezekana wingi wa kirusi katika damu. AST na chembe sahani zikiwekwa katika hesabu fupi iitwayo APRI, daktari anaweza kukadiria ni kiasi gani ini limeota makovu bila kulichoma sindano. Hesabu hiyo haihitaji mashine ya bei kubwa, na inastahili kufanywa kwa kila mtu mwenye kirusi.

Nani anahesabiwa kuwa katika hatari kubwa?

Wa kwanza ni kila mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kukakamaa, iwe imeletwa na kirusi, na pombe, na mafuta kwenye ini au na sababu nyingine. Kwa wenye homa ya ini B ambao hawana sirosisi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 uliwataja wale ambao katika familia yao kuna aliyeugua saratani ya ini, na wale waliozidi miaka 40 wenye wingi wa kirusi unaopita yuniti 2,000 katika mililita, huku ukikiri kwamba umri huo unaweza kushushwa mahali ambapo ugonjwa huanza mapema.

Kwetu huanza mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya wagonjwa kutoka nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwamo, ulionyesha kwamba ukiiondoa Misri, umri wa kati wa wagonjwa wakati ugonjwa unapogunduliwa ulikuwa miaka 46, na nusu yao hawakuishi zaidi ya miezi miwili na nusu baada ya hapo. Watu wa umri huo wanalima, wanaendesha malori, wanalea watoto ambao bado wako shuleni. Tena homa ya ini B inaweza kuleta saratani hata kwenye ini lisilo na sirosisi, kwa hiyo kijana wa miaka 30 mwenye kirusi ambaye baba yake alikufa kwa "tumbo kujaa maji" hapaswi kuambiwa asubiri mpaka afikishe miaka 40.

Hatari huongezeka zaidi kwa wanaume, kwa wenye VVU pamoja na homa ya ini B, kwa wenye kisukari, na kwa wanaokunywa waragi au pombe nyingine kwa wingi huku wakiwa na kirusi.

Sumukuvu inaingiaje katika habari hii?

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za ukungu unaoota juu ya mahindi, karanga, mtama na muhogo vilivyovunwa vikiwa na unyevu au kuhifadhiwa vibaya. Aina yake kali zaidi, iitwayo B1, ikifika kwenye ini hubadilishwa kuwa kemikali inayojigandisha kwenye vinasaba vya seli na kuviharibu. Mara nyingi huharibu mahali pamoja mahususi katika kinasaba cha TP53, ambacho kazi yake ni kuzuia seli zisizaane ovyo. Wanasayansi waliitambua alama hiyo mwaka 1991 katika uvimbe wa wagonjwa kutoka China na kusini mwa Afrika.

Mtu mwenye homa ya ini B anayekula sumukuvu mara kwa mara ana hatari kubwa mara nyingi kuliko mwenye kimoja tu kati ya hivyo viwili, kwa maana kila kimoja hukipa kingine nguvu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii, na mazungumzo mengi wakati huo yalihusu biashara ya mpakani. Swali la mahindi yale yale yanayobaki nyumbani na kuliwa na watoto wetu lilistahili kelele kubwa zaidi.

Kupika hakuiondoi sumu hii, kwa kuwa inastahimili joto la kawaida la jikoni. Kinachosaidia ni kukausha mazao juu ya turubai badala ya udongo mtupu kando ya barabara, kuyaanua mvua inapotishia, kuyahifadhi yakiwa yamekauka kabisa mahali penye hewa, na kuchagua karanga moja moja kabla ya kuzisaga, ukizitupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Karanga mbovu ndizo zinazouzwa kwa bei ya chini zikiwa tayari zimesagwa, na katika siagi ya karanga hakuna jicho linaloweza kuzitambua tena.

Kwa nini niambiwe nirudi kila miezi sita?

Kwa sababu uvimbe wa saratani ya ini, kwa wastani, hukua hadi kufikia mara mbili ya ujazo wake katika muda wa miezi minne hadi sita, ingawa upo unaokwenda polepole na upo unaokwenda kasi kuliko hapo. Ukipimwa mara moja kwa mwaka, uvimbe ambao haukuonekana mara ya kwanza unaweza kuwa umepita hatua ya kutibika utakaporudi. Ukipimwa kila mwezi, utatumia fedha na muda bila faida inayolingana.

Je, AFP pekee inatosha, ikiwa kituo changu hakina altrasaundi, yaani kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jibu lake limejaribiwa kwa watu halisi. Huko Qidong nchini China, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulifuatilia wanaume 5,581 wenye homa ya ini B. Kundi moja lilipimwa AFP kila miezi sita, na jingine halikupimwa. Saratani ziligunduliwa mapema zaidi katika kundi lililopimwa, lakini vifo havikupungua, kwa sababu matibabu waliyopata waliogunduliwa hayakufaa kitu. Mwaka uliofuata, yakatoka matokeo ya utafiti mwingine uliofanyika Shanghai kwa watu 18,816, ambapo kundi moja lilipimwa AFP pamoja na altrasaundi kila miezi sita, na jingine halikupimwa. Humo vifo vya saratani ya ini vilipungua kwa asilimia 37, japokuwa waliopangiwa kupimwa walihudhuria chini ya asilimia 60 tu ya vipimo vyao.

Tofauti ya tafiti hizi mbili inapaswa kuwa mbele ya kila anayepanga huduma hii katika wilaya. Damu inaweza kutoa ishara. Uhai huokolewa pale ishara hiyo inapofuatwa na picha, na picha ikafuatwa na tiba. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba altrasaundi peke yake, kwa wagonjwa wenye sirosisi, hunasa takriban asilimia 45 ya saratani zilizo katika hatua za mwanzo, na ikiongezwa AFP kiwango hicho hupanda hadi takriban asilimia 63. Hata vikiwa pamoja, zaidi ya theluthi moja hupita bila kuonekana katika awamu moja, na hiyo ni sababu nyingine ya kurudi.

Kwa hiyo, kama kituo chako cha afya kina uwezo wa kuchukua damu tu, ichukuliwe, kisha uombe rufaa ya altrasaundi katika hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Usikubali kuandikiwa "hana saratani" kwa AFP pekee.

Karatasi yangu ya maabara imeandikwa AFP 34. Je, nina saratani?

Huenda huna. Mpaka unaotumika sana ni nanogramu 20 katika mililita, na anayeuvuka anastahili uchunguzi zaidi, lakini kuuvuka si hukumu. Kirusi kinapochachamaa na kulifanya ini livimbe, AFP hupanda. Ini linapojijenga upya baada ya kuumia, hupanda pia. Ujauzito huipandisha, na hali kadhalika baadhi ya saratani za korodani na za ovari.

Kwanza, tazama kipimo cha uzani kilichoandikwa kando ya namba. Maabara nyingine huandika ng/mL, nyingine huandika IU/mL, na yuniti moja ni sawa na takriban nanogramu 1.21, kwa hiyo 34 ya maabara moja si 34 ya maabara nyingine. Pili, tazama ALT ya siku hiyo hiyo. Ikiwa ALT imepanda sana, daktari anaweza kutibu kirusi na kurudia AFP baada ya wiki kadhaa. Ikishuka pamoja na ALT, wasiwasi hupungua. Tatu, na hili ndilo lenye thamani kubwa, tazama majibu yaliyotangulia. Mgonjwa ambaye AFP yake imekuwa 30, 33, kisha 34 kwa mwaka na nusu hayuko sawa na yule aliyekuwa na 5, kisha 12, kisha 34. Huyu wa pili anahitaji picha ya CT au MRI, yaani picha za kina zaidi za ndani ya mwili, hata kama altrasaundi haikuona kitu. AFP iliyopita 400 kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa ini huleta shaka kubwa ya saratani, na haifai kusubiri awamu ijayo.

Na ikiwa AFP yangu ni ya kawaida?

Endelea na altrasaundi na urudi baada ya miezi sita.

Nimesikia kuna vipimo vipya vya damu vinavyoshinda AFP. Vinafanyaje kazi, na je, nivitafute?

Viko vya namna mbili. Namna ya kwanza huongeza protini nyingine juu ya AFP: AFP-L3, ambayo ni umbo la AFP linalohusishwa zaidi na saratani, na DCP, protini ya kugandisha damu ambayo seli za saratani huitengeneza ikiwa na kasoro. DCP hupanda pia kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aliyepungukiwa na vitamini K, kwa hiyo mwambie daktari dawa zako zote. Protini hizo tatu zikiunganishwa na umri na jinsia ya mgonjwa hutoa alama iitwayo GALAD, iliyobuniwa na watafiti wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014.

Namna ya pili hutafuta vipande vya vinasaba ambavyo seli za uvimbe huvimwaga katika damu zinapokufa, na kusoma alama za kikemikali zilizobandikwa juu yake, ambazo katika saratani hukaa tofauti. Baadhi ya vipimo hivi vimeripotiwa kunasa kati ya robo tatu na asilimia 82 hivi ya saratani za mwanzo. Namba hizo zinatia moyo, lakini nyingi zilitokana na kulinganisha damu ya watu waliokwisha kujulikana kuwa na saratani na ya wasiokuwa nayo, na kipimo kikipelekwa kwa watu ambao hali yao haijulikani, uwezo wake kwa kawaida hushuka. Tena vimejengwa zaidi juu ya wagonjwa wa Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki, wengi wao wakiwa na sirosisi ya homa ya ini C, pombe au mafuta. Mgonjwa wa Lira mwenye homa ya ini B na sumukuvu, ambaye pengine hana sirosisi, hakuwa mbele ya macho ya waliovibuni. Afrika ina mchango wake hapa: mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba ile alama ya sumukuvu katika TP53 inaweza kuonekana kwenye damu ya wagonjwa wa Gambia, na njia hiyo inastahili kuendelezwa kwa ajili ya watu wetu.

Ushauri wangu ni wazi: usiuze ng'ombe wala shamba kwa ajili ya kipimo kipya kilichotangazwa kwenye simu, wakati bado hujapata AFP na altrasaundi mbili za mwaka huu.

Kukionekana doa kwenye ini, kinafuata nini?

Doa lililo chini ya sentimita moja kwa kawaida hufuatiliwa kwa altrasaundi nyingine baada ya takriban miezi mitatu. Likifikia sentimita moja au zaidi, mgonjwa hupelekwa kwenye CT au MRI yenye dawa ya mshipani, ambapo saratani hujitambulisha kwa kunyonya dawa haraka kupitia mishipa ya ateri na kuipoteza mapema kuliko sehemu nyingine za ini. Kwa mwenye sirosisi, picha yenye sura hiyo inaweza kutosha bila kukata kinyama.

Uvimbe mdogo unaweza kukatwa kwa upasuaji ikiwa ini lililobaki lina nguvu, au kuunguzwa kwa sindano maalumu, njia inayofaa zaidi kwa uvimbe usiozidi sentimita tatu. Upandikizaji wa ini huondoa uvimbe pamoja na ini bovu, lakini kwa mgonjwa wa Uganda humaanisha safari ya nje na gharama ambayo familia chache huiweza. Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967, ndiyo kituo kikuu cha rufaa. Uliza mapema, kabla hujafika huko, ni huduma ipi ipo wakati huo na ipi itakulazimu kusafiri.

Ninatumia tenofovir, dawa ya kudhibiti kirusi cha homa ya ini B, kila siku. Bado nahitaji kupimwa?

Ndiyo. Dawa hupunguza hatari ya saratani kwa kiasi kikubwa, lakini haiifuti, hasa kwa aliyekwisha kuwa na sirosisi. Wenye VVU wengi wanapata tenofovir ndani ya dawa zao za kila siku na kwa hiyo homa ya ini B inatibiwa humo humo. Ikiwa kliniki inataka kukubadilishia dawa, wakumbushe kwamba una kirusi cha ini, maana kuondolewa tenofovir ghafla kunaweza kukichochea vibaya.

Je, nifunge kula kabla ya kutolewa damu?

Kwa AFP si lazima. Damu kidogo hutolewa mkononi. Kwa altrasaundi ya tumbo, vituo vingi hupendelea uje bila kula kwa saa kadhaa, kwa hiyo ukipanga vyote kwa siku moja, nenda asubuhi kabla ya chai.

Mke wangu na watoto wangu wapimwe pia?

Wapimwe wote kwa HBsAg, na wasio na kirusi wapewe chanjo. Watoto waliozaliwa tangu mwaka 2002, chanjo ya homa ya ini B ilipoingizwa katika chanjo za kawaida za Uganda, huenda walipata dozi zao wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini mtoto anaweza kuambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, kabla ya dozi ya kwanza. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri dozi moja ndani ya saa 24 za kwanza. Mama mwenye kirusi aulize kuhusu dozi hiyo mapema kliniki, wakati wa ujauzito. Kula sahani moja, kukumbatiana na kulala chumba kimoja hakuambukizi, na hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa kikombe chake.

Nilikosa awamu moja, labda mbili. Nianze upya?

Huanzi upya. Nenda siku unayoweza, ukiwa na karatasi zote za zamani, hata zile zilizochakaa, kwa kuwa daktari atahitaji AFP na ALT za nyuma ili kuzilinganisha na za leo. Ikiwa karatasi zimepotea, mweleze mwaka na kituo ulichopimwa, kisha piga picha ya majibu mapya kwa simu kabla hujaondoka maabara.